Fanksheni za Ndani za Pakiti ya Mwenzako: Mwongozo kwa Anayeandika Nyongeza

Nchini Burundi, jina Buhinyuza liko Muyinga, na liko pia Gitega. Mwenyeji hapotei: anajua njia ya kwao. Kompyuta ndiyo inayopotea. Ikipewa jedwali la chanjo lenye safu moja tu ya jina la mahali, inaona herufi tisa zilezile mara mbili, inajumlisha watoto wa huku na wa kule, na kukupa jumla ambayo si ya Buhinyuza yoyote.

Tuseme unaandika pakiti ya R ya kuwasaidia wanaoshughulikia takwimu za afya Muyinga. Hutaki kuanzia sifuri, kwa sababu mwenzako ana pakiti inayosoma orodha za maeneo ya Burundi na kuzipanga. Tuiite `vijiji`. Yako, itakayokuwa nyongeza juu yake, tuiite `vijijiafya`. Unapopekua msimbo wa `vijiji` unakutana na fanksheni `tenga_majina()`, inayofanya hasa kile unachokitaka: kutofautisha maeneo yenye jina moja. Unaiita, R inakataa, maana mwenye pakiti hakuitoa nje. Kisha unagundua kwamba ukiandika `vijiji:::tenga_majina()` inaitika.

Pakiti hizi mbili ni za mfano, lakini njiapanda hii humkuta kila anayejenga juu ya kazi ya mwingine. Msimamo wangu ni huu: fanksheni ya ndani isome kadiri utakavyo, lakini kuitegemea kuwe hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine nne kushindikana. Mwongozo huu unazipitia njia zote tano, kwa mpangilio unaopaswa kuzijaribu.

Mpaka uko wapi

Kila pakiti ya R ina faili liitwalo `NAMESPACE`. Ndani yake mwandishi anaorodhesha fanksheni anazozitoa kwa watu wote. Zilizobaki ni za ndani: zinaitana zenyewe kwa zenyewe, na mtumiaji hazioni. Utaratibu huu uliingia R mwaka 2003 na toleo la 1.7.0, na tangu toleo la 2.14.0 la mwaka 2011 hakuna pakiti isiyo nao.

Alama `::` huita kilichotolewa nje. Alama `:::` huita chochote, kiwe cha nje au cha ndani. R haifungi kwa kufuli. Inaweka mpaka na kukuachia uamuzi. Java imekuwa kali zaidi tangu toleo la 9 la mwaka 2017, kwa kuwa moduli yake inaweza kukatalia kabisa sehemu zake za ndani zisiguswe. Python ni laini zaidi: jina likianza na mstari wa chini, kama `_tenga`, ni ombi la kistaarabu tu kwamba usiliguse.

Sheria zinatofautiana, maana yake ni moja. Mwandishi anapotoa fanksheni nje, anakuahidi mambo matatu: jina litabaki, vigezo vitabaki, na matokeo yatabaki na umbo lilelile, au akibadilisha atakuarifu. Fanksheni ya ndani haina ahadi hata moja kati ya hizo. Anaweza kuifuta kesho asubuhi, na hatakuwa amekukosea.

Kwa nini ya ndani hubadilika

Wengi hudhani kwamba fanksheni iliyokaa miaka miwili bila kuguswa itaendelea kukaa. Mfano wetu wenyewe unaonyesha kwamba dhana hiyo ni ya hatari.

Kwa miaka mingi Buhinyuza ya Muyinga ilikuwa komine, mojawapo ya komine saba za mkoa huo pamoja na Butihinda, Gashoho, Gasorwe, Giteranyi, Mwakiro na Muyinga yenyewe. Fanksheni ya kutenga majina ingeweza kutegemea jozi ya komine na mkoa bila wasiwasi. Kisha ikaja sheria ya 2023 iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, na komine kutoka 119 hadi 42. Uchaguzi wa 2025 ukafanyika kwa mgawanyo huo mpya. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikaunganishwa kuwa mkoa wa Buhumuza. Gitega likabaki kuwa jina la mkoa, lakini mkoa wenye mipaka mipana kuliko ule wa zamani.

Mtunzaji wa pakiti kama `vijiji` angefanya nini? Angelazimika kufungua fanksheni zake za ndani na kuzipanga upya. Pengine `tenga_majina(jina, mkoa)` ingekuwa `tenga_majina(jina, mkoa, mgawanyo)`, au ingegawanywa mbili, au ingefutwa kabisa. Fanksheni za nje angezilinda, kwa kuwa anajua watu wanazitumia. Ya ndani angeibadilisha bila kukuuliza, maana hajui kama uko.

Mabadiliko ya jina au vigezo yana nafuu, kwa sababu pakiti yako itagoma na kutoa ujumbe wa kosa. Yanayotisha ni mabadiliko ya matokeo. Fanksheni inabaki na jina lake, inapokea vigezo vilevile, lakini badala ya msimbo wa eneo la mwaka 2008, mwaka wa sensa, sasa inarudisha msimbo wa mgawanyo mpya. Hakuna kosa litakalotokea. Ramani itachorwa, jedwali litajazwa, na takwimu za watoto wa mahali fulani zitakwenda mahali pengine. Anayegawa dozi kwa kufuata jedwali hilo hana namna ya kujua.

Kwanza, soma

Kusoma msimbo wa ndani hakuna ubaya wowote. Andika `vijiji:::tenga_majina` bila mabano, na R itakuonyesha mwili wa fanksheni. Kama hujui iko pakiti gani, `getAnywhere("tenga_majina")` itaitafuta. Kwa mbinu za mfumo wa S3, ambazo mara nyingi zimesajiliwa bila kutolewa nje kwa majina yao, tumia `getS3method()`.

Ukisoma, jiulize maswali matatu. Inaita fanksheni gani nyingine za ndani? Inategemea data gani iliyofichwa? Ni sehemu ipi hasa unayoihitaji?

Swali la pili husahaulika sana. Pakiti nyingi hubeba faili `R/sysdata.rda`, ambalo ni ghala la data ya ndani. Orodha ya maeneo yote yenye majina yanayofanana ingekaa humo. Ukinakili fanksheni bila kugundua kwamba inachungulia ghala hilo, umebeba nusu ya kazi.

Swali la tatu mara nyingi ndilo linalomaliza mjadala. Utakuta fanksheni ina mistari themanini, na wewe unahitaji sita.

Njia ya kwanza: tafuta mlango uliokwisha funguliwa

Orodhesha vyote vilivyotolewa nje kwa `getNamespaceExports("vijiji")`. Usiishie kwenye ukurasa wa mwanzo wa maelezo, kwa kuwa zipo fanksheni zilizotolewa nje lakini zikaachwa nje ya faharasa kwa makusudi, ili zisimchanganye mtumiaji wa kawaida. Mara nyingi hizo ndizo zilizowekwa kwa ajili ya waandishi wa nyongeza.

Kisha angalia ni fanksheni gani ya nje inayoiita ile ya ndani unayoitaka. Huenda `soma_maeneo()` inapitia `tenga_majina()` na kuacha matokeo yake kwenye safu mojawapo ya jedwali inalorudisha. Basi unachokitafuta unacho tayari: ita fanksheni ya nje, chukua safu hiyo, endelea na kazi.

Hapa kuna onyo. Kuchukua safu iliyoelezwa kwenye nyaraka ni sawa. Kupasua kitu na kuchomoa kiungo kisichotajwa popote ni kutumia undani wa pakiti kwa njia nyingine, hata kama hukuandika `:::`. Ilionekana wazi kwa ggplot2, pakiti ya kuchora iliyoanzishwa na Hadley Wickham. Tangu toleo la 2.0.0 la mwaka 2015 ina njia rasmi ya kuandika nyongeza, iitwayo ggproto, na pakiti nyingi zimejengwa juu yake. Toleo la 4.0.0 la mwaka 2025 lilipohamisha vitu vyake kwenye mfumo wa S7, nyongeza zilizopita njia rasmi zilikuwa na pa kushika. Zilizozoea kuchungulia ndani ya kitu cha mchoro na kudhani umbo lake halitabadilika ndizo zilizokuwa hatarini.

Njia ya pili: omba ifunguliwe

Njia hii huwatia watu haya, ilhali ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Maelezo rasmi ya R kuhusu `:::` yanashauri hivyohivyo: ukiona unahitaji kitu cha ndani kwa jambo zaidi ya kukitazama, zungumza na mtunzaji. Mtunzaji hawezi kulinda matumizi asiyoyajua. Ukimweleza, unamsaidia kuona kwamba pakiti yake imekuwa msingi wa kazi nyingine.

Ombi zuri ni fupi na lina mfano unaoendeshwa. Mtunzaji akiwa Mswahili mwenzako, linaweza kuwa hivi:

> Ndugu mtunzaji, salaam. Ninaandika pakiti ya nyongeza juu ya `vijiji` kwa ajili ya ripoti za vituo vya afya. Ninahitaji kutofautisha maeneo yenye jina moja, kwa mfano Buhinyuza ya Gitega na Buhinyuza ya Muyinga. `tenga_majina()` inafanya kazi hiyo lakini ni ya ndani. Naomba ufikirie kuitoa nje, hata kama utaificha kwenye faharasa. Ninahitaji vigezo `jina` na `mkoa`, na matokeo yawe msimbo mmoja wa eneo kwa kila mstari. Niko tayari kuandika nyaraka na majaribio. Kama unapanga kuibadilisha, nieleze, nitasubiri umbo jipya. Ahsante kwa kazi yako.

Angalia yaliyomo. Limesema unajenga nini. Limetoa mfano mmoja ambao hata asiyeijua Burundi ataelewa. Limetaja sehemu ndogo ya fanksheni inayotakiwa kuahidiwa, wala halikudai yote. Limejitolea kufanya kazi. Pia limempa mtunzaji njia ya kusema hapana bila kugombana.

Akikubali, tuma mabadiliko yaliyokamilika: fanksheni iliyotolewa nje, ukurasa wake wa maelezo, na majaribio. Akikataa, uliza sababu kwa upole. Jibu lake huwa na thamani kubwa: "nitaifuta mwezi ujao" ni habari ambayo ingekugharimu sana kuipata kwa njia nyingine.

Njia ya tatu: andika yako

Rudi kwenye ile mistari sita. Kazi nyingi zinazotamanisha kwenye undani wa pakiti nyingine ni ndogo: kusafisha herufi, kukagua vigezo, kuunganisha maneno. Kwa Buhinyuza, kiini cha unachohitaji kinaweza kuwa hiki tu:

```r
tambulisha <- function(jina, mkoa, mgawanyo) {
  safi <- function(x) trimws(tolower(x))
  paste(safi(mgawanyo), safi(mkoa), safi(jina), sep = "/")
}

tambulisha("Buhinyuza", c("Gitega", "Muyinga"), "kabla-2025")
#> "kabla-2025/gitega/buhinyuza"  "kabla-2025/muyinga/buhinyuza"
```

Kigezo `mgawanyo` kimewekwa kwa makusudi. Kinamlazimisha anayeita fanksheni aseme anazungumzia mipaka ipi, ya mikoa 18 au ya mikoa mitano, kwa sababu "Gitega" peke yake haitoshi tena. Fanksheni yako mwenyewe inakupa nafasi ya kusema wazi yale ambayo ya mwenzako iliyaacha kwa kudhani.

Kabla ya kuandika, hakikisha pia kwamba lugha yenyewe haijakupa unachotafuta. Kwa muda mrefu waandishi wa nyongeza walichukua alama ndogo `%||%` kutoka undani wa pakiti za wengine, ile inayosema "kama hiki ni tupu, tumia kile". Tangu R 4.4.0 ya mwaka 2024 imo ndani ya R yenyewe.

Njia ya nne: nakili, kwa haki

Kuna fanksheni ndefu na ngumu usizoweza kuziandika upya kwa uhakika uleule. Hapo unaweza kuzinakili ziwe ndani ya pakiti yako. Toleo lako halitabadilika bila wewe kulibadilisha. Bei yake ni kwamba kosa likisahihishwa kwao, kwako litabaki hadi ulisahihishe.

Soma leseni kwanza. Leseni ya MIT inakuruhusu kunakili ilimradi tangazo la hakimiliki na la leseni libaki pamoja na msimbo. GPL inakuruhusu pia, lakini pakiti yako ikishabeba sehemu hiyo, unapoisambaza ni lazima leseni yake ilingane na masharti ya GPL. Pakiti isiyo na leseni kabisa hairuhusu kunakili, hata kama msimbo wake uko wazi mbele ya macho ya watu wote. Ukikuta hivyo, omba ruhusa kwa maandishi.

Kisha toa haki ya mwenyewe kwa jina. Kwenye faili `DESCRIPTION`, ndani ya `Authors@R`, muongeze mwandishi wa asili kwa nafasi ya `ctb`, mchangiaji, na `cph`, mwenye hakimiliki. Juu ya fanksheni iliyonakiliwa andika maelezo mafupi: imetoka pakiti gani, toleo lipi, tarehe ipi, na umebadilisha nini. Mistari hiyo minne itamwokoa atakayerithi pakiti yako, ambaye baada ya miaka mitatu anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Baadhi ya watunzaji wameirahisisha njia hii. Hazina ya msimbo ya pakiti ya rlang ina mafaili yaliyoandikwa ili yanakiliwe, na fanksheni `usethis::use_standalone()` huyaleta kwenye pakiti yako yakiwa na kumbukumbu ya yalikotoka. Ukiwa unatunza pakiti ambayo wengine hujenga juu yake, fikiria kuwafanyia vivyo hivyo.

Njia ya tano: vuka, lakini weka uzio

Kuna hali ambazo njia zote nne zinashindwa. Mtunzaji hajibu, fanksheni imefungamana na data ya ndani usiyoweza kuibeba, na watu wa kituo cha afya wanahitaji kazi mwezi huu. Ukiamua kuvuka, vuka kwa sehemu moja tu na uizungushie uzio.

Usitawanye `:::` katika mafaili kumi. Weka mwito wote katika fanksheni moja, kwenye faili moja lenye jina linalojieleza, kama `R/undani-wa-vijiji.R`:

```r
# Inatumia fanksheni ya ndani ya vijiji.
# Ombi la kuitoa nje limetumwa kwa mtunzaji.
# Ikitolewa, futa faili hili na utumie vijiji::tenga_majina().
tenga_kwa_vijiji <- function(jina, mkoa) {
  ndani <- asNamespace("vijiji")
  if (!exists("tenga_majina", envir = ndani, inherits = FALSE)) {
    stop("Toleo hili la vijiji halina tenga_majina(). ",
         "Tafuta toleo jipya la vijijiafya.")
  }
  matokeo <- get("tenga_majina", envir = ndani)(jina, mkoa)
  if (length(matokeo) != length(jina)) {
    stop("vijiji imerudisha umbo lisilotarajiwa.")
  }
  matokeo
}
```

Uzio huu unafanya mambo mawili. Unamwambia mtumiaji kwa lugha anayoielewa ni nini kimetokea, na unakagua umbo la matokeo kabla ya kuyapitisha. Ukaguzi wa umbo hautoshi kukamata yale mabadiliko ya kimyakimya niliyoyataja, kwa hiyo andika jaribio linalogusa maana yenyewe:

```r
test_that("Buhinyuza mbili hazichanganywi", {
  m <- tenga_kwa_vijiji(c("Buhinyuza", "Buhinyuza"),
                        c("Gitega", "Muyinga"))
  expect_false(m[1] == m[2])
})
```

Ongeza jaribio jingine linalotaja msimbo kamili unaoutarajia kwa kila mojawapo. Hilo ndilo litakalopiga kelele siku msimbo wa mgawanyo wa zamani utakapogeuka kuwa wa mgawanyo mpya.

Endesha majaribio hayo kila `vijiji` inapotoa toleo jipya, hata kama hujagusa chochote kwako. Kwenye `DESCRIPTION` taja toleo la chini kabisa unalolihitaji, kwa mfano `vijiji (>= 1.2.0)`. Usitegemee kuweka kikomo cha juu: `install.packages()` huleta toleo jipya lililopo kwenye hazina, na kikomo chako kitamzuia mtumiaji bila kumpa toleo analoweza kulitumia.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kuficha alama. `R CMD check`, ukaguzi wa kawaida wa pakiti za R, hutoa angalizo ukiita kwa `:::` kitu cha ndani cha pakiti nyingine. Wengine hukwepa kwa kuandika `utils::getFromNamespace()`, au kwa `asNamespace()` kama nilivyofanya hapo juu. Ukaguzi unanyamaza, hatari inabaki palepale. Ndiyo maana uzio wangu una maelezo yanayosema waziwazi kinachofanyika. Njia ya kukwepa ikitumika bila maelezo hayo inamdanganya msomaji wa msimbo.

Kama unakusudia kuiweka pakiti yako CRAN, hazina kuu ya pakiti za R, soma sera yake kabla hujaandika mstari wa kwanza. Inataka pakiti zitumie milango ya hadhara pekee, na inakataza waziwazi kufikia vitu vya ndani vya pakiti za msingi za R, kwa `:::` au kwa ujanja mwingine wowote.

Mtego wa pili una madhara zaidi, na wachache wanaujua. Tazama mstari huu ukiwa juu kabisa ya faili, nje ya fanksheni yoyote:

```r
tenga <- utils::getFromNamespace("tenga_majina", "vijiji")
```

Unaonekana hauna neno. Lakini R huutekeleza mstari huo mara moja tu, pakiti yako inaposakinishwa, na kuihifadhi nakala ya fanksheni kama ilivyokuwa siku hiyo. Mtumiaji akisasisha `vijiji` baadaye, yako inaendelea na nakala ya zamani, huku nakala hiyo ikiita fanksheni nyingine za ndani ambazo zimeshabadilika. Makosa yanayotokana na hali hii ni magumu kuyafuatilia, kwa kuwa kwenye mashine yako, uliyosakinisha zote mbili jana, kila kitu kiko sawa. Ndiyo sababu katika mfano wangu `get()` imo ndani ya mwili wa fanksheni: inatafuta upya kila inapoitwa. Tahadhari hiyohiyo inahusu hata `tenga <- vijiji::kitu`, ambacho kimetolewa nje kihalali.

Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa bando za simu, mtego huu una makali zaidi. Watu hawasasishi pakiti zote kwa pamoja. Anasasisha moja leo kwa sababu ameihitaji, nyingine inasubiri mwezi. Matoleo yaliyochanganyika ndiyo hali ya kawaida, na pakiti yako inapaswa kuandikwa kwa kuitarajia. Kwa kazi ya ripoti moja inayopaswa kurudiwa vilevile, pakiti ya renv inaweza kuandika matoleo yote yaliyotumika kwenye faili moja ili wengine wasakinishe yaleyale. Hilo linalinda ripoti. Pakiti inayosambazwa kwa watu bado inahitaji uzio wake.

Ukiwa wewe ndiye unayejengewa juu

Siku itafika mwenzako wa Gitega au wa Kigoma ataandika nyongeza juu ya `vijijiafya`. Mambo manne yatamsaidia.

Gawa fanksheni zako katika makundi matatu badala ya mawili: za watumiaji wote, za waandishi wa nyongeza, na za ndani kabisa. Kundi la kati litoe nje kwa `@export`, kisha ongeza `@keywords internal` kwenye maelezo yake ya roxygen2. Zitaitika kwa `::`, zitakuwa na ukurasa wa maelezo, lakini hazitajaza faharasa.

Sema kiwango cha ahadi yako. Pakiti ya lifecycle ina alama za hatua za fanksheni: ya majaribio, imara, iliyopata mbadala bora, na inayoondolewa. Fanksheni ya majaribio iliyotangazwa hivyo ni ya uaminifu kuliko ya ndani inayotumiwa kwa siri.

Jua ni nani wanaokutegemea. `tools::package_dependencies()` ikipewa `reverse = TRUE` inakuorodheshea pakiti za hazina zilizojengwa juu ya yako. Kabla ya toleo jipya, endesha majaribio yao. Sera ya CRAN inataka, mabadiliko yako yakivunja pakiti za wengine, uwaarifu watunzaji wake na kuwapa angalau wiki mbili kujiandaa. Hata kama pakiti yako haiko CRAN na inapita kwenye flashi kutoka ofisi hadi ofisi, wape muda huo.

Matatu hayo hayatafaa kitu bila la nne: jibu maombi. Mtu aliyekuandikia kuomba fanksheni ifunguliwe amechagua njia ngumu na ya heshima, wakati `:::` ilikuwa karibu naye. Usipomjibu, umemfundisha kwamba wakati ujao avuke kimyakimya.

Uamuzi kwa kifupi

Unapojikuta umeandika alama `:::`, simama ufuate mpangilio huu:

1. Je, iko fanksheni ya nje inayotoa matokeo hayohayo? Itumie.
2. Kama haipo, tuma ombi leo, hata kama utaendelea na njia nyingine huku ukisubiri.
3. Je, sehemu unayoihitaji inatosha mistari michache? Iandike mwenyewe.
4. Kama ni ndefu, je, leseni inaruhusu kunakili? Nakili, na uandike jina la mwenyewe.
5. Kama bado, vuka katika fanksheni moja, yenye ukaguzi, yenye jaribio la maana, na yenye maelezo ya lini utaiondoa.

Namba tano ikitumika, iandike pia kwenye maelezo ya pakiti ili watumiaji wajue. Mtu anayepanga chanjo za Buhinyuza ana haki ya kujua kwamba hesabu anayoitegemea imesimama juu ya fanksheni ambayo mwenyewe hajaahidi kuitunza. Akilijua hilo, ataihakiki kwa orodha yake ya vijiji kabla ya kupeleka dozi.